Jibu la wakili: "Baba haonekani, mtoto ana miezi mitano. Nitapataje cheti?"

Swali

Shikamoo dada wakili. Naishi Rungwe, nina miaka 22. Nilijifungua Januari nyumbani kwa mama, usiku wa mvua kubwa, bodaboda ikashindwa kupanda mlima. Jirani ndiye aliyenizalisha. Asubuhi tukashuka zahanati, mtoto akapimwa, wakanipa kadi ya kliniki. Ni wa kike, anaitwa Tusajigwe, ila kwenye kadi wameandika Tusajegwe. Tarehe wameandika 13, mama anasema ni 14 kwa sababu ilikuwa saa nane usiku. Baba yake ni dereva wa malori, hatujafunga ndoa, na tangu Machi simu yake haipatikani. Nilipoulizia cheti cha kuzaliwa niliambiwa nimlete baba kwanza, na kwamba nimechelewa kwa hiyo kuna faini. Mjomba wangu anasema tuandike jina lake kwenye nafasi ya baba ili mambo yaishe. Nifanye nini?

Jibu

Marahaba, mdogo wangu, na hongera sana kwa Tusajigwe. Umepita usiku mgumu na mtoto yuko salama, hilo ndilo la kwanza.

La pili ni hili: usimsubiri baba. Nenda ukamwandikishe mtoto wiki hii, wewe kama mama yake, na nafasi ya baba iachwe. Nikianza na mengine nitakuwa nakuzungusha kama ulivyokwisha kuzungushwa.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108. Kuhusu mtoto ambaye wazazi wake hawajafunga ndoa, sheria hiyo inasema mambo mawili juu ya baba. Kwanza, haimlazimishi kwenda kutoa taarifa ya kizazi. Pili, jina lake haliwezi kuingizwa kwenye rejista kama baba mpaka yeye mwenyewe aombe, akiri kwamba mtoto ni wake, na aweke sahihi au dole gumba. Sasa linganisha na ulichoambiwa. Baba anahitajika pale tu mnapotaka jina lake liandikwe. Mtoto kusajiliwa ni jambo jingine kabisa, na hilo halimsubiri mtu. Aliyekurudisha alichanganya haya mawili, na si wewe wa kwanza. Kila mwezi napokea akina mama wenye hadithi hii, wengine watoto wao wameshafika darasa la tatu bila cheti kwa sababu baba "atakuja tu". Hakuja.

Tena Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 6, inampa mtoto haki ya kuwa na jina, uraia na kuwajua wazazi wake, na inamtwika kila mzazi au mlezi wajibu wa kumsajili. Kila mzazi, peke yake. Haikusema wazazi wote wawili waje wameshikana mikono. Ukirudi pale na ukasikia tena habari ya kumleta baba, sema kwa upole: "Naomba nimsajili kwa jina langu mimi mama, nafasi ya baba iachwe." Sentensi hiyo moja mara nyingi hutosha, maana mhudumu anaelewa mara moja kwamba humwombi aandike mtu asiyekuwepo.

Sasa la mjomba. Najua anakupenda, na katika ukoo zetu mjomba kusimama mahali pa baba ni jambo la heshima. Asimame kwenye sherehe, asimame kwenye ada ya shule, asimame siku ya kuposwa kwa Tusajigwe. Kwenye rejista ya vizazi, hapana. Kutoa taarifa ya uongo kwa msajili huku ukijua ni uongo ni kosa la jinai kwa sheria hii hii, na wewe ndiye mtoa taarifa, kwa hiyo sahihi iliyo pale chini itakuwa yako. Lakini hata tukiiweka jinai pembeni, angalia utakachomfanyia mtoto. Kwenye karatasi za serikali atakuwa amezaliwa na wewe na ndugu wa mama yako. Siku mjomba akifariki, wanawe watakwenda Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi, na Tusajigwe atatajwa kama mtoto wa marehemu au atakanwa mbele za watu. Siku baba yake halisi akijitokeza na kutaka kumkiri, atakuta nafasi imekaliwa, na kumwondoa mtu kwenye rejista ni kazi nzito kuliko kujaza nafasi iliyo wazi. Nafasi iliyo wazi haimtukani mtoto, na haidanganyi.

Pengine unachoogopa, ingawa hukukiandika, ni kwamba ukiacha jina la baba utakuwa umemsamehe matunzo. Sivyo. Sheria ya Mtoto inakuruhusu wewe mama, au mlezi, au mtoto mwenyewe, au afisa ustawi wa jamii, kuiomba mahakama itamke nani ni mzazi. Ombi hilo linaweza kuletwa hata kabla mtoto hajazaliwa, na baada ya hapo muda wowote kabla hajatimiza miaka 18. Baba akifariki, kuna miaka mitatu tangu kifo chake. Na ushahidi unaopokelewa si wa kipimo cha vinasaba peke yake. Mahakama inaangalia kama kulikuwa na ndoa, kama jina la mzazi limo kwenye rejista ya vizazi, kama baba alifanya mila inayotambulika kwa ajili ya mtoto, na kama aliwahi kumkiri hadharani. Kwa hiyo ile siku alipokuja na kitenge na sabuni akamshika mtoto mbele ya mama yako na majirani, kama siku hiyo ipo, ikumbuke na uwaandike majina walioshuhudia. Meseji zake za simu usizifute. Zilizomo humo, "mwanangu anaendeleaje", ni maneno ya mtu anayekiri.

Ukiamua kufuata njia hiyo, anza na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, hana gharama, naye atakuelekeza mahakama ya watoto. Lakini hiyo ni safari ya pembeni. Cheti hakiisubiri. Baba akijitokeza kesho kwa hiari, mtakwenda naye kwa msajili, atakiri na kusaini, na njia ya kuliingiza jina lake itakuwepo.

Kuhusu kuchelewa. Ni kweli sheria inataka kizazi kitolewe taarifa ndani ya miezi mitatu, ndiyo zile siku 90 zinazosemwa. Ukivuka hapo unahesabiwa umechelewa, na ukivuka miaka kumi mambo yanakuwa mazito zaidi kwa sababu inahitajika idhini ya Msajili Mkuu. Ila wewe upo mkoa wa Mbeya, na mtoto wako ana miezi mitano. Mkoa huu ndiko mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano ulikoanza kutekelezwa, mwaka 2013. Iringa na Njombe zilifuata 2016. Chini ya mpango huo cheti cha kwanza cha mtoto ambaye hajafikisha miaka mitano kinatolewa bure, awe ametimiza siku 90 au amezipita. Hakuna faini ya kulipa. Mtu akikuomba hela "ya fomu", mwombe akuandikie risiti ya serikali, na uone kama ataendelea kuiomba.

Mpango huu ninauthamini kwa moyo wote kwa sababu nakumbuka ilivyokuwa kabla. Wenye vyeti walikuwa wachache mno: sensa ya mwaka 2012 ilipopita, katika kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano Tanzania Bara, walioonekana na cheti walikuwa kama 13 tu. Sababu ilikuwa moja kubwa, umbali. Msajili alikuwa wilayani tu. Mama wa Isongole au wa Masoko alilazimika kupanda gari hadi Tukuyu, akaambiwa arudi baada ya wiki kadhaa kuchukua cheti, na nauli ya kurudi ndiyo hiyo hiyo ya chumvi na mafuta ya taa. Kwa nini asingekata tamaa? Tena sheria yenyewe ilipotungwa wakati wa Mwingereza, mwaka 1920, haikumlazimisha Mwafrika kusajili mtoto wake. Waliolazimishwa ni wengine. Kwa hiyo bibi zetu hawakuwa wazembe. Hawakuhesabiwa, basi wakajihesabu kwa njaa, kwa tetemeko na kwa vitabu vya ubatizo. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na kuna wazee ambao tarehe yao ya kuzaliwa iliyoandikwa ipo kwenye kitabu cha kanisa peke yake. Cheti cha ubatizo bado kinasaidia kama kiambatisho kwa mtu mzima anayechelewa kusajiliwa. Ila hakichukui nafasi ya cheti cha kuzaliwa, usije ukaridhika nacho.

Chini ya utaratibu wa sasa unakwenda sehemu moja, mara moja. Msajili msaidizi ni mhudumu wa kituo cha afya anapojifungulia mama au anapopelekwa mtoto kliniki, na kwa waliojifungulia nyumbani ni ofisi ya Mtendaji wa Kata. Wewe ni wa kundi la pili. Chukua kadi ya kliniki ya mtoto, kitambulisho chako cha taifa au cha mpiga kura kama unacho, na kabla ya hapo pita kwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji akuandikie barua kwamba mtoto alizaliwa nyumbani, kwenye kijiji hicho, tarehe hiyo. Mahali pa kuzaliwa ni pale alipozaliwa kweli, yaani kijijini kwa mama yako. Nasema hivi kwa sababu wengine huandikisha jina la zahanati wakidhani linapendeza zaidi, halafu rejista ya zahanati ikifunguliwa kizazi hicho hakimo. Kama mama yako na yule jirani wanaweza kwenda nawe, nenda nao. Hakuna atakayebishana na mwanamke aliyekata kitovu.

Sasa tufike kwenye jina, na hapa naomba unisome polepole, maana ndipo nilipoumia mimi mwenyewe.

Kinyakyusa kina irabu saba. Kiswahili kina tano. Ile sauti ya katikati ya Tusajigwe haiko sawasawa na "i" ya Kiswahili wala "e", ipo katikati yake, na mhudumu aliyetoka Mwanza au Moshi anaandika anachosikia. Leo anasikia "e", kesho mwenzake anasikia "i". Hakuna mwenye nia mbaya. Wahehe na Wakinga wana shida zao, wao wanasumbuliwa zaidi na ng' inayopotezwa kile kialama chake, na sote kwa pamoja tunasumbuliwa na "l" na "r". Langu mimi lilikosewa kwa herufi moja tu. Mama alipokea karatasi, akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya Biblia, na hakuna aliyeisoma mpaka nilipofika umri wa kuomba mkopo wa chuo. Cheti kilisema hivi, cheti cha kidato cha nne kilisema vile. Bodi ya Mikopo hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, ule Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na mtu wa herufi mbili tofauti ni watu wawili. Nilikwenda ofisi moja wakanituma nyingine, nikala kiapo mahakamani, nikarudi, nikaambiwa kiapo hakikutaja jina la baba, nikala kingine. Nilikuwa nalala kwa shangazi Mwanjelwa na kuamka alfajiri kuwahi foleni. Siku ya mwisho ya maombi nilipeleka karatasi zangu zikiwa na wino wa muhuri ambao haujakauka. Yote kwa ajili ya herufi moja ambayo mama yangu angeweza kuionyesha kwa kidole.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla hujaondoka nyumbani, andika kwenye kipande cha karatasi, kwa herufi kubwa zilizoachana: T-U-S-A-J-I-G-W-E. Chini yake majina mengine atakayotumia. Kwa kuwa baba hajasaini, mtoto anaweza kutumia jina la babu mzaa mama na la ukoo wenu. Hilo ni jina tu analoitwa nalo mtoto, halimfanyi babu kuwa baba, mradi nafasi ya baba iachwe. Mkabidhi mtendaji hiyo karatasi mkononi, usimtamkie. Cheti cha mpango huu huandikwa kwa kalamu, mbele yako, na kalamu haifutiki. Simama, angalia inavyokwenda. Si utovu wa adabu. Unaweza kusema, "Baba, samahani, naomba nilisome kwanza kabla hujapiga muhuri."

Na kadi ya kliniki yenye "e"? Ipeleke kwanza zahanati, waombe wairekebishe na kusaini pembeni ya marekebisho. Usiirekebishe wewe kwa kalamu yako, hata kama ni herufi moja. Kadi iliyokwanguliwa nyumbani inatiliwa shaka yote.

Tarehe nayo mama yako ana haki. Sisi tunahesabu siku tangu jua linapozama, ndiyo maana tunasema "usiku wa kuamkia tarehe 14". Serikali inaanza siku mpya saa sita usiku. Mtoto aliyezaliwa saa nane usiku, usiku wa kuamkia tarehe 14, amezaliwa tarehe 14 kwa hesabu zote mbili. Nadhani pale zahanati uliulizwa amezaliwa lini ukajibu "jana usiku", na aliyeandika akarudisha siku moja nyuma. Waeleze hivyo hivyo wakati wa kurekebisha jina, mama yako akiwepo, yote yafanyike kwa mara moja. Siku moja inaonekana ndogo, lakini tarehe ya kwenye cheti ndiyo itakayokwenda kwenye usajili wa darasa la kwanza, kitambulisho cha taifa, bima na pasi ya kusafiria, na mifumo ya kompyuta haina huruma ya mwanadamu. Ikiona 13 hapa na 14 pale, inakataa.

Ukishapewa cheti, soma jina la mtoto, jinsi, tarehe, mahali, na jina lako wewe kama lilivyo kwenye kitambulisho chako. Angalia sahihi ya msajili msaidizi, muhuri na namba ya ingizo. Halafu uliza swali ambalo watu hawaulizi: "Taarifa zimeshatumwa?" Msajili msaidizi huzituma RITA kwa simu, na cheti kizuri ambacho taarifa zake hazikufika kwenye mfumo ndicho kinachowaliza watoto miaka 18 baadaye, wanapokwenda kuhakiki. Akisema mtandao ulikuwa chini, rudi baada ya siku chache umkumbushe. Kipige picha, toa kopi mbili, moja kaa nayo, moja mpe mama. Cheti chenyewe kiweke kwenye bahasha ya plastiki. Mimi siwashauri watu kukifunika kwa plastiki ya kubandikwa kwa moto, kwa sababu haibanduki tena.

Kitu kimoja cha haraka, kwa sababu barua za aina hii nazipata pia kutoka Kyela na Tunduma, mpakani. Cheti cha kuzaliwa kinathibitisha kwamba mtu alizaliwa, lini, wapi na kwa nani. Si cheti cha uraia. Uraia una sheria yake, na maofisa uhamiaji huangalia pia wazazi. Wewe halikuhusu, lakini msomaji mwingine ambaye baba wa mtoto wake ni wa Malawi au Zambia asidhani cheti kimemaliza kila kitu.

Ukirudishwa tena kwenye kata, usigombane. Uliza sababu, uliza cheo cha aliyekurudisha, kisha panda Tukuyu, ofisi ya Mkuu wa Wilaya, uulizie msajili wa wilaya. Mweleze kwamba umeomba kumsajili mtoto wa miezi mitano kwa jina la mama na umekataliwa. Mbebe mtoto, usimwache nyumbani. Na ile karatasi yenye herufi kubwa, iweke ndani ya kadi ya kliniki isije ikalowa.